Mlima Umebaki na Wazee

Mtoto wa Dar es Salaam akitumwa sukari haambiwi jina la duka. Anaambiwa: nenda kwa Mangi. Mwenye duka anaweza kuwa mtu wa Rombo, wa Kibosho, au Mpare wa Usangi, na siku hizi hata Msukuma aliyenunua biashara pamoja na wateja wake, lakini jina hubaki lile lile. Mangi alikuwa mtawala wa Uchagani. Serikali ilipofuta uchifu mwaka 1963, cheo hicho hakikupotea. Kilishuka mlima, kikapanda basi, kikajikuta nyuma ya kaunta kikipima unga na kuuza vocha.

Nimeanza na duka kwa sababu ndilo linaloeleza kwa ufupi yaliyoupata Mkoa wa Kilimanjaro. Kwa vipimo karibu vyote tunavyopimia maendeleo, mkoa huu uko mbele. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye viwango vya chini kabisa. Hospitali ya KCMC ipo tangu 1971. Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho leo ni chuo kikuu, kilianza 1963. Shule za sekondari zimejaa mlimani kuliko visima katika wilaya nyingine. Kwa hiyo viongozi wakitaja mikoa yenye shida, Kilimanjaro hautajwi, na wenyeji nao, kwa majivuno ambayo sisi wengine tumeshayazoea, hawapendi utajwe.

Lakini tazama sensa. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 walikuwa 1,861,934. Hilo ni ongezeko la asilimia 1.3 hivi kwa mwaka, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Sehemu ya sababu ni kwamba wanawake wa Kilimanjaro wanazaa watoto wachache kuliko wenzao wa mikoa mingi. Sehemu nyingine kila mtu anaijua: vijana wameondoka. Maendeleo ya mkoa huu yaliwajenga watu kuliko yalivyojenga mahali. Mlima ulikusanya fedha ya kahawa, ukasomeshea watoto, na watoto wakaenda na elimu yao. Matatizo ya leo ya Kilimanjaro yametokana na mafanikio yake yenyewe, ndiyo maana ni vigumu kuyaonea huruma na vigumu zaidi kuyatibu.

Kahawa iliingia na wamisionari Wakatoliki waliokaa Kilema katika miaka ya 1890. Jambo la pekee lilikuja baadaye, pale Mchaga mwenyewe alipoachiwa ailime. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, mkulima Mwafrika alizuiwa kwa miongo kadhaa asipande arabika, walowezi wakitoa visingizio vya magonjwa na ubora. Walowezi wa Moshi nao walitaka hivyo hivyo. Mwaka 1925 wakulima, Joseph Merinyo akiwa mbele, waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na Chama cha Ushirika cha KNCU. Ushirika ule ulinunua dawa za mibuni, ulitafuta soko, na faida yake ikaenda kwenye madarasa. Makanisa yalikuwa yameshaanza, wazazi wakaongeza. Uhuru ulipofika, mlima ulikuwa na wasomi wengi kuliko ukubwa wake ulivyostahili.

Serikali ya Mwalimu Nyerere ililiona hilo, na kwa haki kabisa ikalisawazisha. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zilianza kugawanywa kwa mgawo wa mikoa na wilaya, ili mtoto wa Kigoma au Lindi naye apate. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU kikiwamo, na vikarudishwa katika miaka ya 1980 vikiwa vimepoteza mali na mazoea mema. Wazazi wa Kilimanjaro hawakuandamana. Walichangishana, wakajenga sekondari zao wenyewe, na miaka ya 1980 mlima ukachipua shule za binafsi na za jumuiya kama uyoga. Kila shule ilikuwa lango la kuondokea. Mhitimu wa kidato cha nne hangoji kukabidhiwa jembe.

Hata angetaka jembe, angelilimia wapi? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakaa kidogo.

Kihamba ni kipande cha ardhi kilichoko mlimani, kati ya msitu ulioko juu na tambarare iliyoko chini. Ndani yake kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, juu ya vyote kuna miti ya kivuli. Zizi la ng'ombe wawili watatu liko nyuma ya nyumba, samadi inarudi shambani, majani ya mgomba yanarudi zizini. Mfereji unapita ukingoni. Ni ustadi wa kilimo ambao FAO, kwa kuchagua kihamba cha Shimbwe Juu mwaka 2011, iliuweka katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Lakini kihamba ni zaidi ya shamba. Ndimo walimozikwa babu na bibi. Mipaka yake huoteshwa masale, mmea ule ule ambao mtu hubeba anapokwenda kuomba msamaha. Kuuza kihamba ni kuuza makaburi, na mwenye kufanya hivyo husemwa hadi anapokufa.

Kwa desturi, kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, kifungua mimba hupewa chake, na waliozaliwa katikati hutafuta maisha. Zamani wa katikati walipewa pori jipya, kwa kuwa mlima ulikuwa na nafasi. Nafasi hiyo iliisha zamani. Mkoa mzima una watu 141 hivi kwa kilomita moja ya mraba, lakini wastani huo unahesabu msitu, barafu, hifadhi na nyika ya Upare. Katika vijiji vya kahawa vyenyewe watu wamebanana kwa mamia. Kihamba cha ekari mbili kikigawiwa wana watatu, na kila mmoja akagawia wanawe, mjukuu anapata uwanja wa kujengea na migomba kumi. Ndiyo maana nikisikia viongozi wakiwalaumu vijana kwamba wamekimbia kilimo, najiuliza kilimo hicho kilikuwa kinafanyika juu ya nini.

Na hapa pana kinyume kinachosumbua. Wakati mmoja anakosa pa kulima, jirani yake ana kihamba kinachoota magugu, kwa sababu mwenyewe yuko Mbezi au Toronto. Hauzi, kwa kuwa ni makaburi. Hakodishi, kwa kuwa anaogopa mpangaji atazoea na kudai. Halimi. Amejenga nyumba ya ghorofa yenye vigae vya rangi, ameweka geti, na kijana wa kazi kutoka mkoa mwingine anaifagia. Nyumba hufunguliwa tarehe 22 Desemba, hufungwa tarehe 3 Januari. Ukipita Marangu au Machame mwezi wa Juni utaona majumba ambayo wilaya nyingi za nchi hii hazina hata moja, nayo ni kimya. Ndani ya kimya hicho kuna bibi wa miaka 80 anayeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe.

Nani atakuja kumrithi bibi huyo? Mabinti, ambao mara nyingi ndio wanaomtumia fedha za dawa, hawahesabiwi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la 1963 bado linamweka binti katika daraja la mwisho la warithi, na vikao vya ukoo hufuata lile la zamani kwa moyo mkunjufu. Mjane asiye na mtoto wa kiume ndiye maskini halisi wa mlimani. Haonekani, kwa sababu amezungukwa na majumba ya watu.

Kahawa yenyewe iliacha kulipa. Mwezi Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo na kushikilia bei ulisambaratika, na bei ya dunia ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko la ndani lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia, ruzuku za dawa zikatoka, na chulebuni na kutu ya majani zikashamiri kwenye mibuni iliyozeeka pamoja na wenyewe. Baadhi ya vyama vya msingi vilichoka na madeni na malipo ya kuchelewa, vikajitenga na chama kikuu vikauze kivyao. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kimetoa miche chotara inayostahimili magonjwa yote mawili, na ni kazi ya kupongezwa. Ila mche huzaa baada ya miaka miwili mitatu, na mzee wa miaka 75 hufanya hesabu yake. Moshi bado ni makao ya Bodi ya Kahawa na mji wa mnada, lakini kahawa inayobeba taifa sasa inatoka kwa wingi Kagera, Mbinga na Mbozi. Mlimani wenye nguvu wameng'oa mibuni wakapanda ndizi za kuuza, parachichi, mboga, au wamefuga ng'ombe wa maziwa. Wanafanya vizuri. Anayeng'ang'ania mibuni ya baba yake kwa heshima tu ndiye anayeumia.

Viwanda havikuziba pengo hilo. Moshi ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na magunia, viberiti, ngozi, na hata kiwanda cha mashine kule Hai. Vingi vilifungwa au vikawa maghala. Sukari ya TPC, iliyobinafsishwa mwaka 2000, ndiyo iliyosimama imara, na mwaka 2020 kiwanda kipya cha viatu na ngozi kilianza katika gereza la Karanga. Reli ilipata abiria tena Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, ikawa kama sikukuu. Hizi ni habari njema. Haziajiri vijana wote waliotoka katika shule zote zile.

Utalii ungetarajiwa kuajiri. Makumi ya maelfu ya wageni hupanda Kibo kila mwaka, na kila mmoja huzungukwa na wapagazi, wapishi na viongozi wa njia. Mpagazi hubeba mzigo ambao kwa kanuni haupaswi kuzidi kilo 20, kwa ujira unaotegemea wema wa kampuni na bakshishi ya mgeni. Ada za lango la hifadhi huenda katika mfuko mkuu wa Serikali. Halmashauri zinazouzunguka mlima hupata makombo ya tozo. Sidhani Kilimanjaro unastahili fedha zote za Kilimanjaro, maana mlima ni wa nchi. Lakini zipo gharama ambazo wananchi wa mlimani huzilipa peke yao, na moja ni msitu.

Mwaka 1941 Waingereza walitenga ukanda wa nusu maili chini ya hifadhi ya msitu, ili watu wakate kuni, majani na miti ya kujengea pasipo kugusa msitu wa juu. Vizazi viwili viliishi kwa ukanda huo, kisha ukachakaa kwa kukatwa ovyo. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikaumeza msitu pamoja na ukanda. Kwa upande wa maji uamuzi ule una hoja nzito: mito ya Kilimanjaro huzaliwa na ukungu na mvua ya msitu kuliko barafu. Barafu ya kilele ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na kufikia 2011 zilibaki chini ya mbili; picha zake zinatisha, lakini ni msitu ukiondoka ndipo mifereji itakapokauka. Bado, gharama ilimwangukia mwanamke aliyekuwa akipanda na panga kutafuta majani ya ng'ombe wa zizini. Sasa anayanunua kutoka tambarare, yakija kwa gari au pikipiki, au anavizia askari wa hifadhi. Na ng'ombe asiyekula vizuri hatoi samadi, na kihamba kisicho na samadi hakina ndizi.

Maji yanayobaki yanagombewa. Mfereji wa juu ukikatwa ili kumwagilia nyanya, wa chini anakosa ya kunywa. Chini zaidi kuna skimu za mpunga, mashamba ya miwa, bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kila mmoja na kibali chake. Rombo, iliyoko upande wa mashariki wenye ukame, haina mito ya kudumu ya kutosha, hivyo hata bomba ni siasa.

Hapo nimesema mlima kana kwamba ndio mkoa. Ni kosa ambalo watawala hulifanya pia. Nusu ya ramani ni Upare na tambarare: wilaya za Mwanga na Same, Kahe, Mabogini, Himo. Huko wastani mzuri wa mkoa hauwafai kitu. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulianza kujengwa mwaka 2014 na ulichukua zaidi ya miaka kumi hadi kuzinduliwa, huku wilaya hizo zikihesabiwa kuwa ndani ya mkoa ulioendelea. Tembo wanaotoka Mkomazi hula mahindi ya watu. Milimani Same pana wakulima wa tangawizi waliofanikiwa, na pana wakulima wa mirungi ambao mamlaka huwafyekea mashamba, wao wakisema hakuna zao jingine linalolipa ada ya shule. Nisingependa mirungi ilimwe. Lakini tusijifanye hatuelewi anayeilima.

Kuhusu pombe nitasema machache, kwa kuwa mengi yamesemwa vibaya. Wachaga ni watu wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ambayo ilikuwa ya vikao, mahari na matanga. Ilichukua siku kadhaa kuiva na iliisha kwenye kata. Kilichobadilika ni gongo na pombe kali za bei ndogo, zilizokuwa zikiuzwa katika viroba hadi Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Viongozi hupenda kusimama Rombo na kuwacheka wanaume walevi, na vyombo vya habari hupenda kuwanukuu. Mimi naona jambo moja la kufikiria. Kijana wa katikati asiye na kihamba, asiye na ajira, asiye na mahari, katika jamii inayompima mwanamume kwa nyumba aliyojenga nyumbani, ana mahali pachache pa kukaa mchana. Wenzake waliofanikiwa hurudi Desemba na magari, humnunulia bia, huondoka. Januari anabaki na kiu.

Kuondoka huko kuna gharama nyingine inayoonekana katika bajeti tu. Sensa ya 2022 ilimhesabu mtu alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Fomula ya ruzuku ya afya kwa halmashauri, iliyoanza 2004, iliweka uzito wa asilimia 70 kwa idadi ya watu. Mkoa uliojaa wazee wenye kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ya gharama kubwa kuliko ya mtoto anayehitaji chanjo, unahesabiwa kwa vichwa, na vichwa vingi viko Kariakoo. Laiti makarani wangepita Desemba 25! Halafu Kariakoo hiyo hiyo hurudisha maiti. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550. Msiba mmoja una mabasi, jeneza, vyakula, turubai, na siku tatu za kazi za watu wengi. Familia zinazochangishana mamilioni kumzika baba kihambani mara nyingine hazikuchanga laki kwa mwezi alipokuwa akiugua hapo hapo.

Nini kifanyike? Sioni Serikali ikija na mpango maalumu kwa mkoa wenye mabati mengi, na sitaki kuwadanganya wasomaji. Inaweza kurekebisha fomula yake ihesabu wazee. Inaweza kurudisha sehemu ya ada za lango kwa vijiji vilivyonyang'anywa nusu maili, vioteshe malisho. Inaweza kufuta daraja la binti la 1963, jambo ambalo halihitaji fedha hata kidogo. Lakini ardhi ya Kilimanjaro iko mikononi mwa koo, na koo ziko mikononi mwa watu wanaoishi mbali. Hao ndio waliolifunga geti, na ndio wenye ufunguo. Hakuna mila inayokataza kukodisha kihamba kwa miaka kumi kwa mpwa au jirani asiye na ardhi, makaburi yakabaki ya ukoo na masale yakabaki mahali pake. Kinachokosekana ni mkataba na mtu wa kuanza.

Kwa hiyo neno langu ni kwenu mliokwisha kukata tiketi. Desemba hii, kikao cha ukoo kikikaa, kabla kata ya mbege haijaanza kuzunguka, ulizeni kihamba cha babu atakilima nani mwakani, kwa miaka mingapi, kwa malipo gani, na kama dada zenu nao wamo katika mgawo. Andikeni majibu, wote mtie saini, na nakala moja mwachieni mtendaji wa kijiji kabla ya basi la tarehe 3.